Mieleka Si Ugomvi: Historia ya Wanawake Wawili Waliokamatana

Kwenye kibodi za simu zetu ipo picha ndogo ya wanawake wawili walioinama na kukamatana, kila mmoja na vazi la rangi yake. Ni emoji ya mieleka ya wanawake. Ikitumwa katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo, cha parokia au cha akina mama wa soko, iwe Kamina au Kigoma, ni rahisi isomwe kwa njia moja tu: kuna wanawake wanagombana, njooni mtazame. Wifi wawili wamerushiana maneno, wake wenza hawasalimiani, wachuuzi wamegombea mteja, na mtu wa pembeni anaitupia picha ile pamoja na nyuso za kucheka hadi machozi. Usomaji huo, kwa maoni yangu, unaifuta historia nzima iliyoizaa alama hii. Picha inaonyesha mchezo wenye sheria, walioucheza walizuiwa kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa, na ilibidi wacheze kwanza ndipo wachorwe. Msomaji wa Kamina, mji mkuu wa Haut-Lomami na kitovu cha nchi ya Waluba, ana sababu moja zaidi ya kuisoma kwa makini. Mafundi wa nchi hiyo walichonga wanawake wawili walioshikana zamani sana kabla ya simu kuwepo, na hawakuwachonga ili wachekwe.

Emoji tunazotumia leo zilikulia Japani. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alichora picha 176 kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo, kila picha ikiwa imebanwa katika mraba wa vitone 12 kwa 12. Mwaka 2010 picha za namna hiyo ziliingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa inayotoa namba kwa kila herufi ya kila mwandiko, ili herufi iliyoandikwa Kamina isomeke Osaka bila kuharibika. Unicode haichori picha za kwenye simu. Inatoa namba na jina, kisha kila kampuni inachora kwa mkono wake. Juni 2016, katika toleo la 9, alama ya wanamieleka ilipata namba, pamoja na michezo mingine iliyofaa mwaka huo wa Olimpiki: mpira wa mikono, polo ya majini, mchezo wa vitara, glavu ya ndondi, na medali za dhahabu, fedha na shaba. Jina lilisema wanamieleka tu, bila kutaja jinsia. Karibu kila kampuni ikachora wanaume wawili. Hakuna aliyewaagiza wafanye hivyo. Ndivyo mieleka ilivyokuwa imekaa vichwani mwao, na hapo ndipo mtu anapaswa kuanza kuuliza maswali.

Wakati huo mwanamke wa kwenye kibodi alikuwa na shughuli chache. Alikuwa bibi harusi, alikuwa binti mfalme, alikatwa nywele, alicheza dansi kwa gauni jekundu, alipakwa rangi ya kucha. Mei 2016 wafanyakazi wa Google walipeleka Unicode pendekezo la kumwonyesha katika kazi za maana, na Novemba mwaka huohuo toleo la 4 la emoji likafungua mlango huo, ukiwemo wa mieleka. Tazama jinsi mwanamieleka wa kike alivyotengenezwa. Hakupewa namba yake mwenyewe. Kwanza huandikwa namba ya wanamieleka, kisha kiunganishi kisichoonekana kwa macho, kisha alama ya mwanamke, ile duara yenye msalaba chini yake. Simu inayojua kuunganisha huzimeza zote na kutoa picha moja. Simu ya zamani isiyojua huziacha zimeachana: wanamieleka wale wa mwanzo wako palepale, na pembeni yao duara na msalaba vimesimama kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Ni kweli kwamba wanaume nao walipewa mfuatano wao wa kuunganishwa, na katika miaka iliyofuata baadhi ya kampuni zilianza kuichora namba ya msingi bila jinsia. Lakini katika ile simu isiyounganisha mwanamume hakupoteza kitu, kwa kuwa picha ya msingi ilikuwa tayari na sura yake. Aliyepoteza sura yake ni mwanamke peke yake.

Alama hiyo ya duara na msalaba ina habari yake, na watu wa Katanga hawana budi kuijua. Kabla ya Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, kuitumia kumaanisha jike katika maandishi yake ya karne ya 18, ilikuwa alama ya sayari ya Zuhura, na mabingwa wa kale wa kuchanganya madini waliiandika kumaanisha shaba. Kwa hiyo kipande kinachowageuza wanamieleka kuwa wanawake ni kilekile kilichoandikwa kwa madini ambayo mkoa wa zamani wa Katanga ulitumia jina lake, Shaba, tangu 1971 hadi 1997, na ambayo reli ya Kamina iliwekewa njia kwa sababu yake.

Turudi ulingoni. Mieleka ya wanaume ilikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza ya dunia mwaka 1987, katika mji wa Lørenskog nchini Norway, na Olimpiki ikawafungulia mwaka 2004, Athens tena, kwa uzani wa aina nne tu. Kati ya wanaume na wanawake imepita miaka 108. Kaori Icho wa Japani alichukua dhahabu katika michezo hiyo ya 2004, akachukua tena Beijing 2008, London 2012 na Rio de Janeiro Agosti 2016. Hapakuwa na mwanamke kabla yake, katika mchezo wowote, aliyewahi kutwaa dhahabu ya peke yake katika Olimpiki nne mfululizo. Yaani tangu wanawake waruhusiwe hadi emoji yao ilipoidhinishwa, hapakuwa na Olimpiki ambayo Icho hakuondoka na dhahabu. Siku aliyoshinda Rio, katika uzani uleule wa kilo 58, Marwa Amri wa Tunisia alipata shaba na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutwaa medali ya Olimpiki katika mieleka. Nazitaja tarehe hizi kwa sababu zimekaa katikati kabisa ya historia ya alama yetu: Juni waliidhinishwa wanamieleka wasio na jinsia, Agosti wanawake hawa wakashinda, Novemba picha yao ikaidhinishwa.

Katika wiki ya kwanza ya michezo hiyohiyo ya Rio, mwanamke wa Kongo alikuwa juu ya mkeka wa mchezo ulio ndugu wa mieleka. Yolande Mabika, mzaliwa wa Bukavu, vita vilimtenganisha na wazazi wake akiwa mtoto, akafikishwa Kinshasa, na huko akajifunza judo katika kituo cha watoto. Mwaka 2013 alikwenda Brazil kwa mashindano ya dunia na hakurudi. Mwaka 2016 alipanda mkekani akiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, uzani wa kilo 70, akashindwa katika pambano lake la kwanza na Linda Bolder wa Israel. Kushindwa huko hakupunguzi neno. Mtoto wa nchi ambako mwili wa mwanamke umefanywa uwanja wa vita alisimama mahali ambapo kushikwa kuna mipaka, ambapo mwamuzi husimamisha, na ambapo anayeshika huachia anapoambiwa aachie. Hiyo ndiyo tofauti kati ya pambano na shambulio, na wanawake wa mashariki ya Kongo hawahitaji kuelezwa uzito wake.

Sheria za mieleka ya wanawake zinafaa kusomwa na yeyote anayeitumia picha hii kwa dhihaka. Mchezaji mmoja huvaa nyekundu, mwingine buluu, ili mwamuzi ajue nani kafanya nini. Pambano ni vipindi viwili vya dakika tatu. Anayeyabana mabega yote mawili ya mwenzake chini hushinda papo hapo. Ni marufuku kupiga, kuuma, kufinya, kukaba koo, kupinda vidole, na ni marufuku kuvuta nywele. Hilo la mwisho lina maana kubwa hapa. Ugomvi wa wanawake unaposimuliwa mitaani, karibu kila mara husimuliwa kwa nywele: nani alimshika nani suka, wigi la nani lilianguka. Picha inayotumwa kusindikiza kisa cha namna hiyo inatoka katika mchezo ambao mvuta nywele huadhibiwa. Kwa hiyo anayeituma amechukua picha ya wanawake wanaolinda kichwa cha mwenzao akaipachika juu ya tendo ambalo picha yenyewe inalikataza.

Je, Kamina ina kauli gani katika jambo hili? Nianze na ushahidi usionipendelea. Dunia iliusikia mji huu kwa sauti za wanaume. Padre Mfransisko Guido Haazen aliunda kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin kutokana na shule ya Kamina, wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14 pamoja na walimu 15, na misa yao iitwayo Missa Luba, iliyoimbwa katika misheni ya Kamina Machi 1958, ilisafiri hadi Ulaya mwaka huohuo na baadaye kuuzwa kwenye sahani za santuri duniani kote. Ni muziki mzuri ambao Kamina ina haki ya kujivunia. Hata hivyo, waliosimama kuwa sura ya mji mbele ya dunia ni wavulana na walimu wao wa kiume. Hali ni hiyo hata katika simulizi la mwanzo wa dola ya Waluba. Mfalme Nkongolo na mpwa wake Kalala Ilunga wanashindana katika mchezo, kijana anamshinda mjomba wake, na mama wa mfalme anacheka. Katika masimulizi yaliyorekodiwa, Nkongolo anamzika mama huyo akiwa hai. Mwanamke wa kisa hicho ni mtazamaji, na kicheko chake kinamgharimu uhai. Mtu akisema kwamba mashindano ya nguvu katika fikra ya Kiluba ni ya wanaume, ana pa kusimamia.

Ila akigeuka kutoka kwenye simulizi akatazama vitu, atakuta habari nyingine kabisa. Viti vya enzi vya wafalme wa Kiluba hubebwa na mwanamke aliyechongwa. Fimbo za utawala zina mwanamke juu yake, viango vya pinde vivyo hivyo. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, waliotafiti sanaa hii kwa miaka mingi na kuandaa maonyesho makubwa juu yake jijini New York mwaka 1996, walieleza kwamba kwa Waluba mwili wa mwanamke ndio ulioaminika kuwa na uimara wa kutosha kutunza siri na roho ya ufalme. Mfalme alipofariki, mwanamke aliyeitwa mwadi alichukua roho yake, alama zake na makao yake, na kijiji chake kikaheshimiwa kama makao ya mfalme yule. Sura ya mfalme mwenyewe hutaikuta kwa urahisi katika mti huo. Pale nguvu ilipotafutiwa alama, fundi alichonga mwanamke, na alifanya hivyo mara kwa mara kiasi kwamba haiwezekani kusema ilikuwa bahati.

Katika vitu hivyo kipo kimoja kilicho karibu sana na somo letu, nacho ni mto wa mbao. Ni kitu kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja: kitako chini, kilalio kilichopinda juu, na katikati yake nguzo. Kazi yake ilikuwa kuinua shingo ya mlalaji ili nywele zisiguse chini, maana misuko ya Waluba Shankadi wa nchi hizi ilichukua saa nyingi mikononi mwa msusi na ilikusudiwa kukaa wiki nyingi. Msuko mmoja mashuhuri uliteremka nyuma ya kichwa ngazi kwa ngazi, kama maji ya maporomoko, na fundi mmoja au karakana moja iliyowachonga wanawake wa msuko huo kwa ustadi usio na mfano imepewa na William Fagg wa British Museum jina la Bwana wa Misuko ya Maporomoko. Katika baadhi ya mito hiyo nguzo si moja. Ni wanawake wawili walioketi uso kwa uso, mikono ya kila mmoja imeushika mwili wa mwenzake, miguu imepishana, migongo imenyooka, na juu ya vichwa vyao kimewekwa kilalio. Ukiwatenganisha, mto unaanguka. Mmoja wao peke yake hawezi kubeba, kwa kuwa uzito wa kichwa kinacholala umegawanywa kati ya miili miwili inayovutana na kuzuiana kwa kiasi kilekile.

Hapa pingamizi ni la wazi, na ni la haki: wale si wanamieleka. Wanawake wa mto wa mbao wanaweza kuwa mapacha, marafiki, au roho mbili zinazolinda usingizi, na hakuna anayedai kwamba fundi wa Shankadi alikuwa akichonga pambano. Nakubali. Sidai kwamba mieleka ya wanawake ilianzia ukingoni mwa Lomami. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, ila kinatosha: kwamba katika nchi hii, miili miwili ya wanawake iliyoshikana kwa nguvu ilikuwa tayari alama inayosomeka, na kilichosomwa ndani yake kilikuwa uthabiti. Mtu aliyelaza kichwa chake kila usiku juu ya wanawake wawili walioshikana hakuona fujo. Na nguvu za mpangilio ule, yaani wawili wanaosukumana bila mmoja kumwangusha mwingine kwa hila, ndizo zilezile mwanamieleka anazozijua katika sekunde za kwanza za pambano, pale vipaji vya nyuso vinapokaribiana na mikono inapotafuta pa kushika. Fundi na mchora emoji hawakujuana, na walikusudia mambo tofauti, lakini msomaji wa Kamina ndiye anayezipokea picha zote mbili, na ana ruhusa ya kutumia ile ya kwanza kumsaidia kuisoma ya pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu hutolewa kwa jina la mila: kwamba mwanamke kukamatana na mwenzake hadharani ni jambo la kuletwa, na mzazi wa Kiafrika hawezi kulikubali. Wanaosema hivyo hawajaitazama Casamance, kusini mwa Senegal. Kwa Wadiola wa huko, wasichana hupigana mieleka katika sherehe za kijiji, mbele ya wazee, kwa ngoma, na mshindi husifiwa na watu wa kwao. Isabelle Sambou alitoka katika mila hiyo, akawa bingwa wa Afrika mara kadhaa, na katika Olimpiki ya London 2012 alimaliza wa tano kwa uzani wa kilo 48. Mieleka yake ya kimataifa ilijengwa juu ya mieleka ya bibi zake. Afrika ina mila nyingi, na aliye tayari kusema kwa niaba ya zote anapaswa kwanza kuzihesabu. Upande wa Kongo yenyewe, jijini Kinshasa kumekuwa na kachi, ile mieleka ya maonyesho yenye vinyago, ngoma na madai ya uchawi, na wanawake wamepanda ulingo huo mbele ya umati mkubwa. Kachi ni tamthilia, na matokeo yake si ya kupimwa kwa pointi za mwamuzi, lakini hata hapo wawili wamekubaliana kupambana na kila mmoja anautunza mwili wa mwenzake ili onyesho liishe salama. Mwaka 2023 Kinshasa ilipoandaa Michezo ya Francophonie, mieleka ilikuwemo katika ratiba.

Linabaki suala la ngozi, na katika sehemu hii historia ya alama inauma. Mwaka 2015 Unicode iliruhusu emoji za watu zipakwe rangi tano za ngozi, zilizotokana na kipimo alichokibuni daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick mwaka 1975. Wanamieleka walikuwa wamepangiwa kupata rangi hizo, kisha katika toleo la Novemba 2016 wakaondolewa. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Alama yenye mtu mmoja inahitaji picha tano. Alama yenye watu wawili, kila mmoja na ngozi yake, inahitaji 25, na kiunganishi cha wakati huo hakikuwa na njia safi ya kusema rangi hii ni ya huyu na ile ni ya yule. Kwa hiyo wote wawili wakabaki manjano, rangi inayosemwa kuwa si ya mtu yeyote. Waliopeana mikono, alama nyingine ya watu wawili iliyoondolewa pamoja nao, walipata rangi zao mwaka 2021. Wanamieleka wakaendelea kusubiri.

Mwaka huohuo wa 2021, tarehe 3 Agosti, ilichezwa Tokyo fainali ya Olimpiki ya wanawake kwa kilo 68. Upande mmoja alikuwa Blessing Oborududu wa Nigeria, upande wa pili Tamyra Mensah-Stock wa Marekani, ambaye baba yake alizaliwa Ghana. Mensah-Stock alishinda, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mieleka. Oborududu alipata fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Nigeria katika mchezo huo. Wanawake wawili weusi, damu ya Afrika Magharibi pande zote mbili, walikuwa wamekamatana mbele ya dunia nzima kuamua nani bingwa. Aliyetaka kuwapongeza siku hiyo kwa alama ya mchezo wao, iwe Lagos, Houston au Kamina, hakuwa na picha yao. Wanaosema emoji ni vitu vya watoto visivyostahili kuandikiwa historia wajiulize kwa nini, katika orodha iliyokuwa na rangi za ngozi kwa mkono unaopunga na kwa mtoto mchanga, wawili hawa hawakuweza kuonekana jinsi walivyo. Kitu kidogo kinachotumiwa na watu wengi sana kila siku kina uzito wa kumbukumbu, na kumbukumbu isipomwonyesha mtu, kizazi kinachofuata hudhani hakuwepo.

Septemba 2025, karibu miaka tisa baada ya kuondolewa, rangi zilirudi. Toleo la 17 la emoji limewapa wanawake wa mieleka jozi 25 za ngozi, na kampuni za simu zimeanza kuziingiza moja baada ya nyingine katika masasisho yao. Toleo hilohilo lilileta pia alama mpya kabisa ya wingu la ugomvi, lile vumbi la vibonzo ambamo watu wanapigana na hawaonekani nani ni nani. Kwangu huu ndio ushahidi unaolifunga suala la maana. Waliopanga alama waliona kwamba fujo inahitaji picha yake, na wakaitenga na mieleka. Katika wingu hakuna sura, hakuna mavazi ya kutofautisha, hakuna wa kuhesabu pointi. Katika mieleka kila mmoja anaonekana, na sasa kila mmoja ana ngozi yake.

Bado kuna atakayesema kwamba maana ya alama huamuliwa na watumiaji, na watu wakiamua mieleka ya wanawake imaanishe ugomvi wa mawifi, basi ndiyo maana yake. Waluba waliliwaza suala hili kabla yetu kwa kifaa chao cha lukasa. Hicho ni kibao cha mti kilichopachikwa shanga na kauri, kilichotunzwa na chama cha mbudye, watu waliofunzwa kuhifadhi habari za wafalme. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisimulia. Shanga moja kubwa ingeweza kuwa mfalme, mstari ungeweza kuwa safari au mto, na wasomaji wawili wangeweza kuzisimulia shanga zilezile kwa namna mbili kulingana na hadhira na haja ya siku hiyo. Uhuru ulikuwepo, tena mpana. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ubao kabla ya kufunzwa ngazi kwa ngazi, na kati ya waliofunzwa walikuwemo wanawake. Uhuru wa kusoma ulikuwa haki ya anayejua alama ilikotoka. Mtumiaji wa simu anayesema maana ni yake anachukua uhuru wa mbudye bila mafunzo yake.

Kwa anayejua, kazi za picha hii si chache. Mwalimu wa mazoezi anaweza kuitumia kuwaita wasichana wa shule kwenye pambano la Jumamosi. Dada anaweza kumtumia dada yake anayesomea udaktari Lubumbashi usiku wa kuamkia mtihani, kumwambia akaze. Mama mchuuzi anayebishana bei na mwenzake kwa ucheshi, huku wote wakijua kesho watakopeshana mtaji, anaweza kuiweka mwisho wa ujumbe wake, na mwenzake akaielewa: nimekushika, nawe umenishika, na sheria tunazijua. Marafiki wawili wanaopingana katika hoja ya siasa au ya kanisa wanaweza kuipeana kabla ya kuanza mjadala. Na wifi wakirushiana maneno kikundini, wingu la vumbi tayari lina namba yake.